Seli nyeupe 9.8, CRP 13.4: kusoma damu ya mgonjwa wa kidole tumbo kabla ya kisu

Mashine ya maabara haikuweka alama yoyote mbele ya seli nyeupe. 9.8 (yaani 9,800 kwa kila mikrolita ya damu), ndani ya kiwango. CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na uvimbe mwilini, ilisomeka 13.4, na daktari wa zamu aliyekariri kwamba kawaida ni chini ya 10 aliandika "imepanda kidogo". Wakati anaandika hivyo, kidole tumbo cha mgonjwa kilikuwa kimetoboka kwa zaidi ya nusu siku.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mgonjwa hayupo, ila yanayomkuta huwakuta wagonjwa wengi, na namba zake zimepangwa ndani ya viwango vinavyoonekana wodini kila siku. Mahali ni hospitali ya wilaya ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, yenye ultrasaundi, thieta moja, na maabara inayopima damu kamili, CRP, bilirubini na chumvi za damu. CT, mashine ya picha za kompyuta, haipo.

Saa 38

Mgonjwa ni fundi pikipiki wa miaka 29, kilo 62. Maumivu yalianza Jumamosi saa 2 usiku, kuzunguka kitovu. Nyumbani waliita chango, akapewa maji ya moto na chumvi. Akatapika mara mbili, akakosa hamu ya kula. Saa 9 usiku, yaani saa 7 tangu maumivu yaanze, alifika kituo cha afya. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoka chanya. Damu kamili: seli nyeupe 7.2, nyutrofili (seli nyeupe zinazokimbilia bakteria) asilimia 71, limfosaiti (kundi jingine la seli nyeupe) asilimia 20. CRP ya kugandisha kwenye kigae: hasi. Akapewa dawa mseto ya malaria, sindano ya diklofenaki, akarudi nyumbani.

Jumapili maumivu yalihamia chini kulia. Jioni, mnamo saa 1, yakapungua ghafla, akalala. Ndugu zake wakaona dawa ya malaria imefanya kazi. Usiku wa manane aliamka tumbo zima likiuma, hawezi kukohoa wala kunyoosha mguu wa kulia. Jumatatu saa 4 asubuhi alifikishwa hospitali: saa 38 kamili. Joto 38.6, mapigo 118, presha 108/64. Tumbo gumu chini kulia, maumivu ya kuachia (yanayokuja mkono unaobonyeza ukiachiwa ghafla) yakiwa ya kati, na maumivu kiasi upande wa kushoto pia.

Nafuu ile ya Jumapili jioni ndiyo iliyostahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili. Kidole tumbo kilichoziba huuma kwa sababu shinikizo linapanda ndani yake. Kikitoboka shinikizo hushuka, mgonjwa hupumua, kisha usaha huanza kuchoma utando wa tumbo. Nafuu ya ghafla ambayo haiambatani na njaa wala nguvu za kusimama si ya kufurahia.

Karatasi ya maabara, mstari kwa mstari

Tuanze na CRP, maana ndiyo iliyosomwa vibaya kuliko zote. Mashine ya hospitali hii huchapa kwa mg/dL. Viwango vinavyokaririwa na karibu vyote vinavyotumika kwenye alama za kidole tumbo (mifumo ya pointi ya kukadiria ugonjwa) viko kwa mg/L. 13.4 mg/dL ni 134 mg/L. Kosa la mara kumi, na dawa yake ni moja: kizio (mg/dL au mg/L) kiandikwe pembeni ya namba kila inaponakiliwa, kwenye faili, kwenye barua ya rufaa na kwenye simu.

CRP hutengenezwa na ini baada ya kupokea ishara ya uvimbe, hasa intalukini 6. Huanza kupanda kati ya saa 6 na 12, hufika kileleni mnamo saa 48, na uzalishaji ukikoma hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo jibu la kituo cha afya, hasi katika saa ya 7, lilikuwa sahihi na wakati huohuo halikuwa na maana. Ini lilikuwa halijapata muda wa kujibu. CRP ya chini katika saa 12 za kwanza haimtoi mgonjwa kwenye hatari. Katika saa ya 38 ingekuwa habari nyingine kabisa. Ndiyo maana namba ya CRP isiyo na saa ya kuanza maumivu pembeni yake ni nusu ya jibu.

Hicho kipimo cha kigae nacho kina mtego wake. Chembe za lateksi huganda CRP ikivuka takriban 6 mg/L, na kiwango hukadiriwa kwa kuichanganya seramu na maji ya chumvi mara 2, 4, 8, 16. Ikiganda hadi 1:16, jibu ni 16 mara 6, yaani 96 mg/L. Lakini CRP ikiwa juu mno, seramu isiyochanganywa inaweza kushindwa kugandisha kwa sababu protini imefunika chembe zote na hakuna cha kuziunganisha. Jibu hutoka hasi au hafifu kwa mgonjwa aliye hoi. Mgonjwa mwenye tumbo gumu na CRP hasi ya kigae baada ya siku mbili: rudia kwa kuchanganya kabla hujaamini.

Sasa seli nyeupe. 9.8 ni ya kawaida kwa kitabu kilichoandikwa kwa damu ya Ulaya au Marekani, ambako mpaka wa juu huwekwa kwenye 11 hivi. Watu wengi wenye asili ya Afrika, hasa wasio na protini iitwayo Duffy kwenye seli nyekundu, wana nyutrofili chache wakiwa wazima kabisa. Bahati ilikuwa upande wa mgonjwa huyu: mkewe alileta karatasi ya vipimo vya ajira vya mwaka uliopita. Seli nyeupe 4.2, nyutrofili asilimia 46, limfosaiti 40, eosinofili (seli nyeupe zinazoongezeka kwa minyoo na kichocho) 8, monosaiti 6. Piga hesabu ya idadi halisi. Nyutrofili zilikuwa 1.9 akiwa mzima. Katika saa ya 7 zilikuwa 5.1. Katika saa ya 38 ni 8.4. Zimepanda zaidi ya mara nne, na mashine haikuona sababu ya kuweka alama. Karatasi ya zamani ya namna hii haipatikani kila mara, lakini kuiulizia hakugharimu kitu: kliniki, uchangiaji damu, ajira, mafunzo ya jeshi.

Kasoro hii inapenya hadi kwenye alama tunazozitegemea. Alama ya Alvarado ya mwaka 1986 hutoa pointi 2 kwa seli nyeupe zaidi ya 10. Mgonjwa wetu anazikosa zote mbili, anabaki na 8 kati ya 10. Alama ya AIR, iliyotoka Sweden mwaka 2008, inahimili zaidi kwa sababu imegawa uzito: kutapika 1, maumivu chini kulia 1, maumivu ya kuachia ya kati 2, joto la 38.5 au zaidi 1, nyutrofili asilimia 85 au zaidi 2, seli nyeupe chini ya 10 sifuri, CRP ya 50 au zaidi 2. Jumla 9 kati ya 12, kundi la juu. Kwa CRP iliyosomwa 13.4 angepata 8, akaangukia kundi la kati, la kuangaliwa kwanza. Kosa la desimali lingemshusha daraja.

Halafu uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, ambao hauhitaji kitendanishi chochote cha ziada. Uvimbe mkali hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti kwa pamoja, hivyo uwiano huruka hata jumla ikitulia. Mashine ya hospitali hugawa seli nyeupe katika makundi matatu: limfosaiti, MID (seli za ukubwa wa kati) na GRAN (seli zenye chembechembe); ilichapa GRAN asilimia 89. GRAN si nyutrofili tupu: kutegemea mashine, eosinofili huangukia humo au kwenye MID, na katika eneo lenye minyoo na kichocho jambo hilo si dogo. Mteknolojia akapaka damu kwenye slaidi, akahesabu seli 100 kwa macho: nyutrofili 86, nyingi zikiwa changa, limfosaiti 8, monosaiti 3, eosinofili 3. Gawa 86 kwa 8: 10.8. Katika saa ya 7 ilikuwa 3.6, na akiwa mzima 1.2. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi uliweka 4.7 kuwa mpaka wa kushuku kidole tumbo na 8.8 kuwa mpaka wa kushuku kilichoharibika, yaani kilichooza au kutoboka. Mipaka hiyo haikutokana na damu ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo mwendo kutoka 1.2 hadi 3.6 hadi 10.8 una uzito kuliko mpaka wenyewe.

Bilirubini, rangi ya njano inayotokana na seli nyekundu zilizovunjika, ilikuwa 34 µmol/L; ya moja kwa moja, yaani iliyokwisha kupitia ini, 15. Kidole tumbo kikioza au kutoboka, sumu za bakteria husafiri kwa mshipa wa mlango hadi kwenye ini na kuzuia utoaji wa nyongo. Bilirubini iliyovuka 17 hadi 20 huelekeza kwenye kutoboka. Ikiwa ya kawaida haikanushi, maana wengi waliotoboka hawaipandishi. Lakini huku kwetu bilirubini ina sababu nyingi za kupanda: malaria, selimundu, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, homa ya ini. Hapa hemoglobini ilikuwa 13.6, chembe sahani 241, na nyongeza haikuwa ya ile isiyo ya moja kwa moja peke yake, jambo lililoshusha shaka ya seli nyekundu kupasuka. Mirija ilifunikwa kwa karatasi; bilirubini huharibiwa na mwanga, na sampuli iliyoachwa dirishani hutoa jibu la chini kuliko ukweli.

Sodiamu 131. Chini ya 135 mara nyingi huandamana na kidole tumbo kilichoharibika, kwa sababu uvimbe huchochea homoni ya kubakiza maji. Jibu hili lina thamani tu ikiwa damu haikutolewa kwenye mkono wenye dripu. Maji ya glukosi yanayotiririka mkono huohuo hutengeneza sodiamu ya chini isiyokuwepo.

Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha maambukizi, haipimwi hapa, na haikuhitajika. Inasaidia zaidi kutambua kilichoharibika kuliko kutambua kidole tumbo chenyewe, na bei yake hailingani na tofauti inayoleta kwa mgonjwa mwenye tumbo kama hili.

Malaria iliyokuwa haipo

Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya, na kama kingeaminiwa, kila namba iliyotangulia ingepata maelezo mengine. Malaria hupandisha CRP sana. Hushusha limfosaiti, hivyo huvimbisha uwiano. Huvunja seli nyekundu na kupandisha bilirubini. Hata sodiamu huishusha.

Mgonjwa alipoulizwa vizuri alisema ametibiwa malaria wiki tatu zilizopita. Vipimo vya haraka vinavyotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Slaidi ya damu ilisomwa: hakuna vimelea. Chembe sahani 241 nazo zilitoa ushahidi upande huohuo, maana malaria kali ya sasa huwa inazishusha. Hilo ndilo lililoruhusu namba nyingine kusomwa kama namba za tumbo. Slaidi ingetoka chanya? Basi CRP, uwiano na bilirubini vingepoteza sehemu kubwa ya uzito, na uamuzi ungerudi kwenye vidole vya daktari na ultrasaundi. Malaria na kidole tumbo huweza kukaa katika mwili mmoja, na vimelea kwenye slaidi havilainishi tumbo gumu.

Mashahidi wa nyumba moja

Mtu akiona CRP juu, uwiano juu, bilirubini juu na sodiamu chini, hushawishika kuzidisha uzito wa vyote vinne na kupata uhakika wa karibu asilimia mia. Hesabu hiyo haisimami. Vipimo hivi kwa sehemu kubwa hufuata mkondo mmoja wa uvimbe; ni mashahidi wanne waliolala nyumba moja na kusikia kelele moja.

Chukua mfano wa kukadiria tu. Tuseme kabla ya damu, kwa saa 38 na tumbo lile, daktari anaweka uwezekano wa kidole tumbo kilichoharibika kuwa asilimia 30, yaani 0.43 dhidi ya 1. Tuseme CRP ya juu inazidisha mara 3: inakuwa 1.29 dhidi ya 1, sawa na asilimia 56. Kipimo cha pili cha mkondo uleule, kwa haki, hakistahili mara 3 nyingine. Na kama CRP ingekuwa ya chini na kuzidisha kwa 0.4, uwezekano ungeshuka hadi asilimia 15, bado mgonjwa mmoja kati ya saba. Hakuna mpaka mmoja wa CRP unaokubalika kila mahali: ukiuweka chini unakamata wengi wasiohusika, ukiuweka juu unawaacha waliooza mapema.

Shahidi wa nyumba nyingine ni picha. Ultrasaundi ilionyesha mrija usiobonyea wa milimita 11, kijiwe cha kinyesi cha milimita 7 kwenye shina, na majimaji yenye chembechembe pembeni. Hapo ndipo namba za damu zilipata mwenza wa kweli.

Namba zilibadilisha nini

Kwanza, zilifunga mlango wa kutibu kwa antibayotiki pekee. Tiba hiyo ni halali kwa kidole tumbo ambacho hakijaharibika: utafiti wa APPAC wa Finland ulionyesha kwamba baada ya miaka 5 takriban asilimia 39 ya waliotibiwa kwa dawa walikuwa wamerudi na ugonjwa. Lakini utafiti huo uliwachagua kwa CT na kuwaondoa wenye kijiwe. Utafiti wa CODA wa Marekani, wa mwaka 2020, iliwaruhusu wenye kijiwe, na asilimia 41 yao walipasuliwa ndani ya siku 90, dhidi ya 25 kwa wasio nacho. Pasipo CT, damu kama hii pamoja na kijiwe ni sababu tosha ya kutojaribu.

Pili, zilibadilisha foleni. Utafiti wa Finland na Norway uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba kungoja hadi saa 24 hakuongezi kutoboka kuliko kungoja saa 8, ila walioingizwa ni wale waliodhaniwa hawajaharibika. Mgonjwa huyu hakuwa wa kuwekwa nyuma ya ngiri ya kupangwa. Thieta ilikuwa na upasuaji wa uzazi ukiendelea. Akawekwa wa pili, na muda huo ukatumika: Ringa laktate lita 1 katika saa ya kwanza, seftriaksoni gramu 2 na metronidazo miligramu 500 kwa mshipa, mofini miligramu 5 polepole, mrija wa mkojo, lengo likiwa angalau mililita 31 kwa saa. Mofini haifichi tumbo gumu. Kumnyima mgonjwa dawa ya maumivu ili "tusipoteze dalili" ni desturi iliyopitwa na wakati.

Tatu, zilibadilisha maneno ya idhini. Aliambiwa mapema kwamba huenda pana usaha, kwamba mkato unaweza kurefushwa, na kwamba atakaa wodini siku kadhaa, si usiku mmoja.

Ndani kulikuwa na usaha wa takriban mililita 80 chini kulia na kwenye nyonga, tundu katika theluthi ya karibu na shina, ncha nyeusi. Shina lenyewe lilikuwa zima, likafungwa kwa uzi wa kawaida. Usaha ulifyonzwa, tumbo halikuoshwa kwa lita za maji, kwa kuwa faida ya kuosha kuliko kufyonza haijaonekana na maji husambaza uchafu. Mrija wa kutolea usaha haukuachwa.

CRP baada ya kisu

Siku ya 1 ilikuwa 171 mg/L, siku ya 2 ikafika 203 mg/L. Zamu ya usiku ikapendekeza kubadili antibiotiki. Haikubadilishwa, na sababu ni ileile ya saa: kisu chenyewe ni jeraha, na jeraha hupandisha CRP hadi siku ya 2 au ya 3. Kinachotafutwa ni mteremko baada ya hapo. Joto lilikuwa limeshuka hadi 37.4, mapigo 92, alikuwa ametoa hewa. Siku ya 3 ikawa 148, siku ya 4 ikawa 81, ya 5 ikawa 44. Kama siku ya 4 ingebaki 150 au kupanda tena, hasa pamoja na kuharisha kidogokidogo na hamu ya choo isiyoisha, jipu la nyonga lingetafutwa kwa kidole na ultrasaundi kabla ya kubadili dawa yoyote.

Antibiotiki ziliendelea siku 4. Utafiti wa Uholanzi wa 2023 ulikuta siku 2 si duni kuliko 5, lakini karibu wagonjwa wote walipasuliwa kwa kamera. Kwa mkato wa wazi na usaha wa nyonga, siku 3 hadi 5 bado ni busara. Seli nyeupe siku ya 5: 5.6. Mashine haikuweka alama safari hii pia.

Tusisahau wale ambao karatasi hii hii ingedanganya kwa njia nyingine. Mjamzito ana seli nyeupe nyingi bila ugonjwa, na CRP yake hupanda kidogo. Anayetumia prednisoloni hupandisha nyutrofili huku tumbo likibaki laini. Mwenye VVU aliyeshuka kinga huenda asipandishe seli nyeupe kabisa, na limfosaiti zake chache huvimbisha uwiano kabla hajaugua tumbo. Aliyemeza siprofloksasini ya dukani kwa siku mbili anaweza kuleta CRP inayoshuka huku jipu likijijenga. Na kwa mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa, kipimo cha mimba kinatangulia yote hayo.

Kipande kilipelekwa patholojia. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu: kidole tumbo kilichooza na kutoboka, na ndani ya ukuta wake mayai ya kichocho. Eosinofili 8 za karatasi ya ajira zikapata maelezo. Mgonjwa aliitwa kwa simu, akapewa prazikwanteli vidonge 4 vya miligramu 600 kwa uzito wa kilo 62, na karatasi zake zote mbili za damu zikapigwa pini pamoja kwenye faili, saa ya kuanza maumivu ikiwa imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu.